Spoila ya nyuma kufunga mwenyewe nyumbani: hapa Malindi ogopa tundu kuliko drili

Swali lililonifikia ni hili: "Fundi shikamoo. Mimi ni kijana wa Maweni hapa Malindi, nna Toyota Axio ya 2008 rangi ya fedha. Nimenunua spoila Mombasa, ya plastiki, bado haijapigwa rangi, ina miguu miwili na taa ya breki katikati, chini ina matundu manne ya bolti na wamenipa na tepu ya kunata pande mbili pia. Kuna fundi kaniambia ataitoboa buti na kufunga nusu saa tu. Mi nataka nifunge mwenyewe nyumbani lakini kutoboa naogopa. Je naweza kutumia tepu peke yake? Na ni kweli gari itatulia, manake nikipita daraja la Kilifi upepo ukivuma inayumba sana? Na siku nikitaka kuuza gari itakuwaje?"

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla, wengi wananijia washatoboa. Mimi kazi ya bodi nimeifanya hapa hapa Malindi miaka mingi na buti nilizozifungua kwa sababu ya kutu iliyoanzia kwenye tundu la spoila ni nyingi mno, kwa hivo ntakujibu kwa urefu kidogo unisamehe, na hilo la daraja nalitoa njiani kwanza.

Spoila, lile bawa la kufunga juu ya mfuniko wa buti, haitaizuia gari kuyumba pale Kilifi. Upepo wa pale daraja unakuja wa ubavu, unatoka bahari wazi unaipiga gari mlangoni, sasa spoila kazi yake ni upepo mwingine kabisa, ule unaotoka mbele ukapanda paa ukateremka na kioo cha nyuma. Upepo ule ukiteremka huwa unaivuta nyuma ya gari juu, inakuwa nyepesi, na ukifika ukingo wa buti unaachia bodi na kujiviringa, basi spoila inaukatiza ule mteremko ili ule mvuto wa juu upungue. Porsche walipoweka ule mkia wa bata kwenye gari yao ya 911 Carrera RS 2.7 mwaka 1972 walikuwa na shida hiyo hiyo, nyuma inakuwa nyepesi kwenye mwendo mkubwa. Lakini nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo, yaani ukitoka 50 ukaenda 100 nguvu inakuwa mara 4, si mara 2, na kwa mwendo wa kwenda Mombasa nyuma ya trela na matatu ile nguvu ni ndogo hutaisikia kwenye usukani. Halafu Axio yako kama ni ile inayovuta kwa mbele, kuibana nyuma hakukuongezei kitu kwenye magurudumu yanayovuta. Gari inayumba kupita kiasi we angalia upepo wa tairi zote 4, angalia kama tairi zimeliwa upande mmoja, shokomzoba za nyuma, bushi, na ukafanye alainmenti. Hiyo ifanye wiki hii, spoila ingoje. Spoila weka kwa sababu unaipenda ilivyo, hiyo ni sababu tosha, gari ni yako.

Sasa tepu peke yake. Kwa spoila ulonayo, hapana. Ile ya miguu inasimama juu, upepo unaishika na kuitingisha, na kila ukifunga buti watu wataishika hiyo hiyo kama mpini, na ile miguu miwili nafasi yake ya kugusa bodi ni ndogo kama kiganja cha mtoto. Tepu inashika vizuri sana kitu kipana kinacholala, haipendi kitu kinachong'olewa kutoka upande mmoja. Ikiachia njiani ukiwa na mtu wa bodaboda nyuma yako unajua itakavyokuwa. Spoila ya miguu ni bolti, tepu inasaidia tu isicheze.

Kwa hivo ushauri wangu wa kwanza kabisa, kabla hujaipiga rangi, rudi kwa aliyekuuzia umuulize kama atakubadilishia akupe ile ya kulala, ile ndogo nyembamba inayofuata ukingo wa buti mwanzo mpaka mwisho. Ile inashikwa na tepu peke yake na haitaki tundu hata moja. Ukishaipiga rangi hairudishwi, ndo maana nakwambia sasa.

Kwa nini nalipigia kelele tundu hivi? Ni mahali tulipo. Mtu wa Nairobi anaweza kutoboa akafunga bila kupaka chochote na gari ikakaa miaka. Sisi hapa hewa yenyewe ina chumvi, kusi likivuma hata kioo cha dirisha asubuhi ukikipitisha ulimi kina chumvi, na maji ya visima vingi tunayooshea magari nayo ni ya chumvi. Bati ukilitoboa umekata rangi na praima, ile rangi ya chini, na ile zinki ya kiwandani kama ipo, umeacha mduara mdogo wa chuma kitupu, na maji yanaingia pale kila ukiosha.

Kuna gari iliwahi kuletwa kwangu, ilifungwa spoila mji mwingine, mwenyewe kaja analalamika buti inanuka uvundo. Nikafungua ile nati ya kwanza kwa ndani, ikageuka na bolti yote, na maji ya rangi ya chai yakaniteremkia kwenye gumba mpaka kiwiko. Kwa juu rangi ilikuwa nzima, inang'aa, ila ukipitisha kidole pembeni ya mguu wa spoila unasikia malengelenge madogo madogo. Nikabonyeza lengelenge moja na ukucha, ukucha ukaingia ndani. Bati lilikuwa limebaki rangi tupu. Yule bwana alikuwa na spoila ile miaka miwili tu.

Basi tuseme wamekataa kukubadilishia na umeamua kufunga ulonayo. Anza na rangi. Namba ya rangi ya gari yako imeandikwa kwenye kile kibati cha chumba cha injini au nguzo ya mlango, tafuta herufi C/TR, namba zinazofuata za kwanza ndo rangi, fedha ya Toyota nyingi ni 1F7. Mpelekee mchanganya rangi hiyo namba, na kama gari imekaa juani miaka yote hii mpelekee na kifuniko cha tangi la mafuta alinganishe kwa macho, manake fedha inapauka. Plastiki isuguliwe na msasa wa maji, ioshwe, ikauke, halafu praima ya plastiki, hii usiiache kwa sababu rangi ikipigwa kwenye plastiki tupu inabanduka kama ganda la kitunguu. Ikishapigwa rangi na lakari iache ikae. Mimi huiacha wiki mbili kabla ya kuibandika tepu, rangi mbichi inaendelea kutoa thina yake na tepu inaishia kuachia pamoja na rangi.

Hapo hapo kagua na buti yenyewe. Chukua sumaku ndogo uizungushie kitambaa chembamba, ipitishe kwenye buti yote kule nyuma. Mahali isipong'ang'ania pana puti, gari ilishagongwa ikafinyangwa. Kwenye puti nene usitoboe, inapasuka, na tepu pia haitashika zaidi ya ile puti inavyoshika bati.

Siku ya kufunga usifanye saa sita mchana. Bati la buti lililokaa juani hapa kwetu mkono hauwekeki, na tepu za akriliki za kweli kama VHB za 3M zinataka bati liwe kati ya nyuzi 21 na 38. Asubuhi sana nayo kuna umande. Saa tatu saa nne, kivulini, ndo wakati wake. Kivuli chenyewe chagua, chini ya mwembe kuna utomvu na chini ya makuti kila upepo ukipita linamwagika vumbi, bora ukutani upande wenye kivuli au ndani ya banda la bati.

Jaribu kwanza bila kubandika chochote. Bandika maskin tepu kwenye buti pale miguu itakapokaa, weka spoila, mtu mwingine aishike, we rudi nyuma hatua kumi uiangalie. Pima na futi kutoka ukingo wa kushoto mpaka mguu wa kushoto na kulia hivo hivo, usiamini jicho peke yake na usiamini nembo ya katikati. Kaa kwenye kiti cha dereva uangalie kioo cha kati kama unaona barabara. Toka uangalie ile taa ya breki ya asili iliyo ndani ya kioo cha nyuma, mtu wa gari ya nyuma aione bado. Fungua buti mpaka mwisho uone spoila haigusi kioo. Ukiridhika zungushia miguu na kalamu juu ya ile maskin tepu, na uweke alama za matundu.

Vua kapeti ya ndani ya mfuniko wa buti, zile klipu zitoe taratibu zinavunjika. Tia tochi uangalie kuna nini nyuma ya kila alama. Kuna waya za taa ya namba, kuna waya au kebo ya loki, na kuna ubavu wa chuma wa ndani. Usipoangalia hapa utatoboa waya, na gari itakuwa inaunguza fyuzi kila ukiwasha taa.

Kutoboa kwenyewe hakuna ajabu. Piga senta panchi kidogo ili biti isiteleze, anza na biti ya milimita 3, drili iende polepole, na uizungushie biti tepu kidogo kama alama isizame zaidi ya bati la juu. Halafu panua mpaka tundu litoshee bolti, mara nyingi ni ya milimita 6 inayofungwa kwa spana namba 10. Kama kuna bati la pili la ndani, hilo ndo unalipanua zaidi soketi ipite. Maskin tepu usiitoe mpaka umalize, inazuia rangi isichubuke.

Ukimaliza kutoboa hapo ndo kazi imeanza, na ndo pale yule wa nusu saa anapoondoka. Lainisha mdomo wa kila tundu na tupa ndogo ya duara, juu na chini. Kusanya vumbi la chuma lote, la nje na la ndani, kwa brashi na ile sumaku yako. Ukiliacha juu ya rangi likalala usiku mmoja na hewa yetu hii, asubuhi utakuta vidoa vya rangi ya chai kwenye buti yote na vimeshauma kwenye lakari. Futa na thina kidogo kwenye kitambaa, kwenye mdomo wa tundu tu. Halafu kwa brashi nyembamba ya kuchorea paka praima ya epoksi au ile ya zinki, mdomo mzima, mpaka ukutani mwa tundu ndani, ikauke, paka tena, ikauke, halafu rangi ya gari juu yake. Ndio, itakula siku nzima. Usifunge siku hiyo, funika matundu na tepu, lala.

Kesho yake bolti. Kama ulizopewa ni zile za kung'aa nyepesi zitupe, nunua za stenlesi za 316, zile watu wa maboti wanazitumia, na kila bolti iwe na washa pana ya chuma na chini yake washa ya mpira au plastiki ili stenlesi isigusane na bati moja kwa moja. Chini ya mguu zungushia silikoni kila tundu, na hapa nisikilize vizuri mwanangu, silikoni ukiifungua ikanuka siki usiitumie kwenye bati. Ile siki ni asidi inayotoka inapokauka na inaanzisha kutu pale pale unapoizuia. Tafuta isiyonuka siki, wengine huandika nyutro kwenye chupa, au tumia gundi ya poliyurethani ya vioo vya gari.

Tepu ya chini ya miguu nayo ina adabu yake. Osha buti kwa sabuni ya kawaida na maji ya mfereji, si ya kisima, na usitumie shampoo yenye nta. Halafu futa na alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, na uikaushe kwa kitambaa kingine safi kabla haijakauka yenyewe. Usichukue ile spiriti ya kusafishia vidonda ya duka la dawa, nyingi huwa zimetiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, unafikiri umesafisha kumbe umepaka mafuta. Na vidole vyako, ulichopikia au ulichopaka nywele asubuhi, nazi ikigusa pale tepu haitashika. Osha mikono na usiguse tena.

Weka spoila kwa kupitisha bolti kwanza kwenye matundu, halafu shusha. Tepu ikigusa hakuna kuihamisha. Bonyeza kwa nguvu za kiganja na uzito wa mwili, kila mguu, pole pole, kisha nati kwa mkono mpaka ishike, halafu spana nusu mzunguko, moja ya kushoto moja ya kulia, mpaka silikoni itokeze pembeni kidogo. Ukisikia plastiki inalia simama hapo hapo. Zile nati au bolti zilizozamishwa ndani ya plastiki ukizikaza sana zinazunguka na zikishazunguka spoila hiyo imekufa.

Taa ya breki ni fupi. Tafuta waya ya stop ya taa ya nyuma kwa tochi ya kupimia umeme, mtu akikanyaga breki iwake, akiachia izime, hiyo ndo yako. Nyekundu ya spoila pale, nyeusi kwenye bodi. Taa za LED ukizigeuza waya mara nyingi haziwaki wala haziungui, geuza tu. Waya ipite kwenye tundu lenye mpira, ifuate njia ya waya za kiwandani kwenye bawaba na uiachie ulegevu, buti inafunguka mara nyingi kwa siku. Kuunga kwa kusokota na naironi tepu hapa kwetu hakudumu, tia solda na kile kimrija kinachobana kikipata moto.

Kabla hujarudisha kapeti jaribu maji, lakini silikoni iwe imekauka siku nzima. Ndani ya mfuniko kuzunguka kila nati paka chaki ya shule iliyosagwa, funga buti, mwaga maji ya jagi polepole juu ya miguu dakika kumi, fungua. Maji yakiingia yataacha mfereji kwenye chaki na utajua ni tundu gani. Hii nimeifanya kwenye kila spoila niliyofunga na imenionyesha makosa yangu mara kadhaa, bora chaki ioneshe leo kuliko kutu mwakani.

Tepu ikishabandikwa inashika nusu ya nguvu yake kama dakika 20, baada ya saa 24 iko asilimia 90, na saa 72 ndo imekamilika. Kwa hivo ukifunga Ijumaa, gari isioshwe na isiende Mombasa mpaka Jumatatu. Na buti usiifunge kwa kusukuma spoila, weka kiganja kwenye bati. Ukiona mfuniko sasa hausimami juu vizuri unakushukia kichwani, huo ni uzito umeongezeka, springi zake zirekebishwe, usiache, siku mtoto ameinama kuchukua mfuko utamshukia.

Na kuuza. Gari yenye spoila ya bolti mnunuzi asiipende, kuitoa ni kuchomelea matundu 4, puti, na kupiga rangi mfuniko mzima, na bati likichomelewa kutu inapenda kurudi pale pale kwenye joto lilipopita. Hiyo ndo sababu nyingine nakutuma kwanza kwa muuzaji ubadilishe. Ile ya kulala ya tepu siku ukitaka kuitoa unaipasha joto na drai ya nywele ya dada zako mpaka tepu ilainike, unachukua mshipi wa kuvulia, ule mzito wa changu au kolekole, unauzungusha mikono yote miwili, unaupitisha chini ya spoila kwenye kona na kuuvuta huku na huku kama unakata ubao kwa msumeno, unakata tepu yote mpaka kona ya pili. Gundi iliyobaki unaisugua na kidole gumba inajikunja vidonge vidonge, unafuta na alkoholi, na buti inabaki nzima.